Anwani ya Modemu Yako: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Kamera ya Kutazamwa Ukiwa Mbali

Watumiaji wengi wa huduma za mawasiliano vijijini hawatumii tena intaneti kwa simu ya mkononi pekee. Dukani, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa au kwenye ghala la parachichi, huwekwa modemu yenye laini ya simu, kisha modemu hiyo huunganishwa na kamera ya ulinzi ili mwenye mali aone kinachoendelea akiwa mbali. Kazi hiyo hufanywa na fundi, na sehemu ya malipo huwa ni ya “kuweka anwani”. Malalamiko mengi huanzia hapo. Siku ya makabidhiano kamera huonekana vizuri. Mwenye mali akishafika mjini, haionekani tena.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mfanyabiashara ana duka la pembejeo katika kata ya Lufingo, wilayani Rungwe, na siku kadhaa za juma huwa Tukuyu kwa shughuli nyingine. Fundi amefunga kamera, amefungua ukurasa wa modemu, amenakili anwani iliyoandikwa pale na kumwonyesha mteja picha kwenye simu, wote wawili wakiwa dukani. Mteja amelipa. Alipofika Tukuyu na kuandika anwani ileile, hakupata kitu. Fundi ameitwa tena, amelipwa tena, na hali haikubadilika.

Kilichotokea si lazima kiwe utapeli. Mara nyingi fundi na mteja wote wamepotoshwa na anwani ambayo hawakujua ni ya upande gani. Katika makala hii tunaeleza anwani hiyo ni ya nini, mfumo endeshi wa kifaa chako huitumiaje, na jaribio gani unapaswa kulifanya kabla ya kutoa fedha.

Anwani ya IP ni ya nani?

Kila kifaa kinachotuma na kupokea taarifa kwenye intaneti hutambulishwa kwa anwani ya IP. Katika mfumo wa zamani, uitwao IPv4, anwani huandikwa kwa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila namba ikiwa kati ya 0 na 255. Kwa mfano 192.168.1.20.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba anwani hiyo haitolewi kwa kifaa kizima. Hutolewa kwa kiolesura, yaani mlango mmoja ambao kifaa hutumia kuwasiliana. Modemu ya dukani ina milango miwili au zaidi. Mmoja unaelekea ndani, kwa njia ya Wi-Fi au waya, ambako kuna kamera, simu na kompyuta. Mwingine unaelekea nje, kwenye mnara wa mtoa huduma. Kila mlango una anwani yake, na anwani ya mlango mmoja haifai kwa kazi ya mwingine.

Msimamizi wa milango hiyo ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kifaa. Simu za Android zina kiini cha Linux, na modemu nyingi za majumbani pia hutumia Linux. Kwa hiyo yale tunayoyaeleza hapa yanafanyika kila siku mkononi mwako, ingawa huyaoni.

Mlango wa sokoni na mlango wa darajani

Mlango wa Wi-Fi ni kama mlango unaofunguka sokoni. Nje ya mlango wapo wengi, na anayetaka kumpelekea mtu mzigo lazima kwanza aulize alipo. Mfumo endeshi hufanya hivyo hasa: kabla ya kutuma pakiti ya taarifa, hutangazia wote walio kwenye Wi-Fi ile, “Ni nani mwenye 192.168.1.20?” Mwenye anwani hiyo hujibu, ndipo mzigo hupelekwa. Ili mfumo ujue soko linaishia wapi, hupewa kipimo kiitwacho maski, ambacho kwenye Wi-Fi za majumbani huwa kwa kawaida ni 255.255.255.0. Kwa maski hiyo mfumo hujua anwani zipi ni za majirani wa kuulizwa moja kwa moja, na zipi ni za mbali, ambazo mizigo yake hupitishwa langoni.

Mlango wa upande wa mtoa huduma ni wa namna nyingine. Wakazi wa Rungwe wanalijua Daraja la Mungu, daraja la mwamba wa asili linalovuka Mto Kiwira. Aliyekwisha kukanyaga daraja hana haja ya kuuliza ng’ambo ni wapi, kwa sababu ng’ambo ni moja tu. Kiungo kati ya modemu yako na mtoa huduma hutendewa hivyohivyo: kina ncha mbili, wewe huku na yeye kule, na hakuna jirani wa tatu katikati. Tutakiita kiungo cha ncha mbili. Kiungo cha namna hii hutumika pia katika huduma nyingi za VPN kwenye simu, na katika mawasiliano ya antena mbili zinazotazamana kutoka kilima hadi kilima.

Mfumo endeshi hufanya nini kwenye kiungo cha ncha mbili?

Mfumo unapoandikisha kiolesura cha namna hii, hukiwekea alama inayosema kwamba kina ncha mbili tu. Alama hiyo hubadilisha mambo manne.

1. Hakuna kuuliza majirani. Kila pakiti inayopaswa kwenda nje husukumwa kwenye kiungo, na aliye ng’ambo huipokea.

2. Mahali pa anwani ya kutangazia wote huwekwa anwani ya ng’ambo. Kwenye kiungo chenye watu wawili, tangazo kwa wote halina maana.

3. Anwani za ncha mbili si lazima zifanane wala zitoke katika mtandao mmoja. Yako yaweza kuanza na 100 na ya ng’ambo na 10, na mawasiliano yakawa mazuri kabisa.

4. Pakiti inayoelekezwa kwenye anwani yako mwenyewe haivuki daraja. Mfumo huitambua kuwa ni yako na kuimaliza papo hapo, ndani ya kifaa.

Utaratibu huu una umri mrefu. Katika mfumo endeshi wa 4.2BSD, uliotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, nafasi moja ya kumbukumbu ilihifadhi ama anwani ya kutangazia wote ama anwani ya ng’ambo, kutegemea aina ya kiolesura. Linux nayo ina nafasi mbili zinazofanana: kwenye Wi-Fi nafasi zote mbili hubeba anwani yako, lakini kwenye kiungo cha ncha mbili moja hubeba yako na nyingine hubeba ya ng’ambo. Mtengenezaji wa programu asiyezingatia tofauti hiyo anaweza kusoma nafasi isiyo sahihi, na kioo kikakuonyesha anwani ya mtoa huduma kana kwamba ni yako. Fundi anayeinakili bila kuuliza huwa ameandika kwenye karatasi ya mteja anwani ya mtu mwingine.

Ishara zinazotisha bila sababu

Yapo mambo matatu ambayo watumiaji, na wakati mwingine mafundi, huyachukulia kuwa ni hitilafu, kumbe ni tabia ya kawaida ya kiungo cha ncha mbili.

La kwanza ni maski ya 255.255.255.255. Kwenye Wi-Fi maski hiyo ingekuwa kosa, kwani inasema kwamba sokoni hakuna mwingine ila wewe. Kwenye kiungo cha ncha mbili ni sahihi: huku upo peke yako, na ng’ambo imeandikwa mahali pake.

La pili ni maski ya 255.255.255.252 au 255.255.255.254, inayoonekana hasa pale majengo mawili yanapounganishwa kwa antena. Ya kwanza hutenga anwani 4 ingawa zinazotumika ni 2. Ya pili hutenga 2 tu, moja kwa kila ncha, na matumizi yake kwenye viungo vya namna hii yaliwekewa kanuni ya kimataifa mwezi Desemba 2000. Baadhi ya vifaa vya zamani huikataa. Katika hali hiyo hutumika ile ya kwanza.

La tatu ni anwani ya ng’ambo isiyojibu. Katika kompyuta za Linux zilizounganishwa kwa modemu za USB kupitia programu iitwayo pppd, watumiaji wengi wameona anwani ya ng’ambo ikiwa 10.64.64.64. Mtandao wa simu unapokuwa haukutaja anwani yake wakati wa kuunganishwa, programu hiyo hujaza nafasi iliyo wazi kwa anwani ya kubuni, na kwa miaka mingi ilitumia hiyo. Hakuna kompyuta inayoishi kwenye anwani hiyo. Mawasiliano hayadhuriki, kwa sababu kwenye kiungo cha ncha mbili jina la ng’ambo halihitajiki ili mzigo ufike ng’ambo.

Kwa hiyo fundi akiipima anwani ya ng’ambo kwa amri ya ping na kukosa jibu, asiseme kwamba laini imekufa au modemu imeharibika. Kipimo sahihi ni kuita anwani iliyo mbali zaidi, kwa mfano tovuti inayofahamika. Ikijibu, daraja ni zima. Usinunue modemu mpya kwa sababu tu anwani ya ng’ambo imenyamaza.

Anwani tatu zisizopaswa kuchanganywa

Mwenye modemu anapotajiwa “anwani yake”, inaweza kuwa mojawapo ya hizi tatu:

• Anwani ya ncha yako: ile iliyopewa mlango wa modemu unaoelekea kwa mtoa huduma.

• Anwani ya ng’ambo: ile ya ncha ya mtoa huduma, ambayo yaweza kuwa ya kweli au ya kujazia nafasi.

• Anwani inayoonekana na dunia: ile ambayo tovuti ya mbali huiona unapoifungua.

Watu wengi hudhani kwamba ya kwanza na ya tatu ni kitu kimoja. Zamani mara nyingi ilikuwa hivyo. Siku hizi, kwa anayetumia laini ya simu, mara nyingi sivyo, na sababu yake ni uhaba.

Anwani zote za IPv4 zinazoweza kuandikwa ni 4,294,967,296. Idadi hiyo ni ndogo kuliko idadi ya watu duniani, na mtu mmoja aweza kuwa na simu, kompyuta na kamera. Akiba kuu ya dunia ya anwani hizo iligawiwa hadi ikaisha tarehe 3 Februari 2011, pale mafungu ya mwisho yalipokabidhiwa kwa wasajili wa kanda tano za dunia. Msajili wa kanda yetu ya Afrika ni AFRINIC, yenye makao yake Morisi.

Ili anwani chache ziwatoshe wengi, kuna mafungu yaliyotengwa yatumike ndani ya mitandao tu, bila kuonekana kwenye intaneti ya umma. Tangu mwaka 1996 mafungu hayo ni:

• 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255;

• 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255;

• 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255.

Mwaka 2012 liliongezwa fungu la 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, mahususi kwa watoa huduma wanaowagawia wateja wengi anwani moja ya umma. Kama ncha yako imepewa anwani kutoka katika mafungu haya manne, basi ina maana kwenye kiungo chenu na ndani ya mtandao wa mtoa huduma tu. Mtu aliye kwenye mtandao mwingine akiiandika, pakiti yake haitapata njia ya kufika Lufingo.

Je, kutumia anwani ya umma kwa pamoja ni kudhulumiwa? Hapana. Kuvinjari, kutuma ujumbe, kutazama video na kufanya malipo hufanyika bila tatizo, kwa kuwa mazungumzo hayo huanzia kwako, na mtoa huduma hukumbuka majibu yarudi kwa nani. Tatizo hutokea pale tu mtu wa nje anapotaka kuanzisha mazungumzo na kamera yako.

Jaribio linalodanganya

Turudi kwenye duka la Lufingo. Kwa nini picha ilionekana siku ya makabidhiano?

Kumbuka jambo la nne tulilolitaja: pakiti inayoelekezwa kwenye anwani yako mwenyewe haivuki daraja. Simu ya fundi ilikuwa imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya dukani. Alipoandika anwani ya ncha ya modemu, pakiti ilifika kwenye modemu. Modemu ikatambua kwamba anwani hiyo ni yake, ikaipeleka kwenye kamera kama ilivyoelekezwa. Safari nzima ilianza na kwisha ndani ya duka. Mnara haukuhusika, na mteja alionyeshwa kitu cha kweli kisichothibitisha alichokuwa analipia.

Jaribio lenye thamani ni lile linaloanzia nje. Zima Wi-Fi kwenye simu yako, tumia laini ya mtoa huduma mwingine, kisha jaribu kuitazama kamera. Tunashauri laini ya mtoa huduma mwingine kwa sababu wateja wawili wa mtandao mmoja huenda wakafikiana kwa anwani za ndani, na hapo tena matokeo yakakupotosha. Vizuri zaidi, mwombe ndugu aliye Tukuyu au Mbeya ajaribu wakati fundi bado yuko dukani.

Njia zinazofaa

Ukigundua kwamba ncha yako haina anwani ya umma, bado unazo njia.

Ya kwanza ni kutumia kamera inayopitia seva ya mtengenezaji. Kamera ndiyo inayoanza kuita seva, na simu yako huita seva hiyohiyo, kisha mnakutana huko. Njia hii hufanya kazi hata kwa anwani ya pamoja. Zingatia kwamba kila unapotazama picha, bando hutumika pande zote mbili: la modemu na la simu yako.

Ya pili ni kumwomba mtoa huduma anwani ya umma isiyobadilika, pale anapoitoa. Hapa maneno yana uzito. Anwani “isiyobadilika” si lazima iwe “ya umma”: unaweza kuuziwa 10.20.30.40 isiyobadilika kamwe, na bado isifikiwe na mtu wa nje. Omba sifa zote mbili ziandikwe kwenye makubaliano, pamoja na gharama ya kila mwezi.

Ya tatu ni mfumo mpya wa IPv6, ambao anwani zake ni nyingi mno kiasi kwamba hakuna ulazima wa kugawana. Muulize mtoa huduma kama laini yako inao, na kama anaruhusu mawasiliano yanayoanzia nje. Kwenye mfumo huu anwani ya ng’ambo mara nyingi huanza na fe80. Nayo ni ya kwenye kiungo tu, usiinakili.

Kwa njia yoyote utakayochagua, badilisha nywila ya kamera na ya modemu iliyokuja kutoka kiwandani. Anwani ya umma humwezesha mwenye mali kuliona duka lake, na humpa mgeni asiyejulikana nafasi ya kubisha mlangoni.

Kabla ya kulipa

Tunakushauri uyatimize haya, kwa mpangilio huu:

1. Fungua ukurasa wa modemu, andika anwani ya ncha yako na ile ya ng’ambo, kila moja mahali pake.

2. Ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, fungua tovuti inayoonyesha anwani unayoonekana nayo, uiandike pia.

3. Linganisha ya kwanza na ya mwisho. Zikitofautiana, unatumia anwani ya pamoja. Fundi hawezi kuliondoa jambo hilo kwa kubadili mipangilio ya modemu yako, hata akilipwa mara tatu.

4. Zima modemu, iwashe tena, urudie. Anwani ikibadilika, kamera iliyofungwa kwa anwani ya jana haitaonekana leo.

5. Fanya jaribio la kutoka nje kama tulivyoeleza.

6. Pokea risiti inayotaja kazi iliyofanyika: “kamera kutazamwa ukiwa nje ya mtandao wa dukani”, si “kuweka anwani” pekee.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi yenye anwani tatu na risiti yenye maneno kamili ndiyo daftari lako.

Ukiwa na malalamiko

Tenganisha kwanza lalamiko la fundi na lalamiko la mtoa huduma. Kama mtoa huduma alikuahidi anwani ya umma na kukupa ya ndani, peleka lalamiko kwake kwanza, ukiambatanisha makubaliano na anwani ulizoandika, na utunze namba ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, unayo haki ya kulifikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Wakazi wa Rungwe wanaweza kuitumia ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iliyopo Mbeya. Kama tatizo ni kazi ya fundi, risiti inayotaja matokeo yaliyoahidiwa ndiyo itakayokuwezesha kudai kazi ikamilishwe au fedha irudishwe.